Kocha Analala Wapi?

Mradi wa michezo ukiingia mtaani, watu hutazama jezi kwanza. Mimi huuliza kocha analala wapi.

Nina sababu: wa kutoka mbali ni rahisi kutoweka. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha uchunguzi wa vijana zaidi ya 1,000 wa mpango wa Big Brothers Big Sisters, ambao humpa kila kijana mtu mzima wa kumwongoza. Waliodumu na mlezi wao mwaka mmoja au zaidi walinufaika kwa mengi. Walioachana naye kabla ya miezi mitatu kwisha walijiona duni kuliko walivyojiona mwanzoni. Mlezi wa kupita, basi, anaweza kumwacha mtoto pabaya kuliko alipomkuta. Mtoto ambaye baba aliondoka, mwalimu akahamishwa, na sasa kocha naye haonekani, huanza kuamini kwamba kasoro ni yake.

Nimeona miradi ya makocha wa kupita: mipira mipya, picha nyingi, kisha msimu wa pili uwanja mtupu.

Chama cha vijana wa Mathare, MYSA, kilishika njia nyingine. Kilianza 1987 katika bonde la mabanda karibu na katikati ya Nairobi, watoto wakicheza mpira wa majuala uliofungwa kwa kamba. Mkanada Bob Munro alikubali kuwasaidia kwa sharti la nipe nikupe: ukitaka ligi, safisha mtaa. Timu ikimaliza zamu ya usafi hupata alama 6. Ukizingatia kwamba ushindi ni alama 3, mtaro mmoja uliozibuliwa ni sawa na mechi mbili ulizoshinda. Timu iliyochapwa Jumamosi inaweza kumpita bingwa wake kwa reki na mkokoteni.

Wageni huupenda mpango huu kwa sababu ya taka. Mimi naupenda kwa sababu ya msimamizi. Anayepanga zamu, anayefundisha timu ya wadogo na anayepuliza filimbi ni kijana wa hapohapo, pengine mkubwa wa wachezaji wake kwa miaka minne tu. Kazi hiyo ya kujitolea humpa alama zake mwenyewe, na alama zikitosha hupata msaada wa karo unaolipwa moja kwa moja shuleni. Kwa hiyo anayelea naye analelewa, na ana sababu ya kubaki.

Chukua asubuhi ya kawaida ya mechi. Wachezaji kumi wamefika, wa kumi na moja hayupo. Kocha wa miaka kumi na sita hapigi simu ofisini. Anavuka kijito na kubisha mlango wa mabati.

“Shikamoo, mama. Kevo yuko?”

“Marahaba. Yuko, lakini namhitaji abaki na mtoto, niende sokoni.”

“Basi aje naye. Dada yangu atamshika pale kando ya uwanja.”

Mazungumzo hayo hayachukui dakika mbili, lakini hakuna mtaalamu wa kutoka nje anayeweza kuyafanya, kwa sababu mama hamjui dada wa mtaalamu huyo. Wasichana walipoanza kucheza katika ligi hiyo miaka ya 1990, kizingiti kilikuwa hichohicho: nani atateka maji, nani atalea wadogo? Kipaji hakikuwa tatizo.

Watu wengi wakitaja MYSA hukimbilia Mathare United, timu iliyozaliwa humo 1994 na kutwaa ubingwa wa Kenya 2008. Ni sifa ya haki, ila ni ya wachezaji wachache mno ukiwalinganisha na maelfu waliopita kwenye ligi za watoto.

Wala sisemi kubaki ni bure. Kijana akifika miaka kumi na tisa anadaiwa kodi ya nyumba, na alama hazilipi kodi. Hapo ndipo makocha wazuri hupotelea kwenye bodaboda na mjengo. Mfadhili anayeniuliza anunue nini, mimi humwambia aache jezi, awatafutie hao posho ya kila mwezi, na aahidi miaka mitatu. Wengi hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama jezi zinaweza kuandikwa jina.