Aliyepona akikosa kutoka, mahututi anakosa kitanda

Tukiona mgonjwa mahututi amelala kwenye benchi la chumba cha dharura, tunalaumu wauguzi. Lakini mara nyingi kizuizi kiko mbele: wodi imejaa. Katika hospitali zetu za mashariki, wengine waliopona wanazuiliwa kwa sababu ya deni. Wengine wanangoja jamaa waje kuwachukua. Vitanda vyao havipokei wengine.

Msamaria wa Luka 10 hakuishia kufunga vidonda. Alilipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Basi mashemasi wetu wasingoje siku ya kutoka. Tangu siku ya kulazwa waulize gharama, nani atamchukua, na kama familia imo katika mituweli ya afya. Tukimsaidia aliyepona kurudi nyumbani, tunamfungulia mlango aliye hatarini.