Kamera ya Usalama Nakuru: Gharama Iko Kwenye Mtandao

Mnunuzi wa kamera ya usalama mjini Nakuru huuliza kwanza bei ya kamera. Swali zito zaidi ni jingine: itatumia mtandao gani, na itapangwa vipi? Hapo ndipo pesa za kila mwezi zinapookolewa au kumwagika.

Tupige hesabu. Kamera inayotuma picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, yaani karibu gigabaiti 11 kwa siku na zaidi ya 320 kwa mwezi. Mkazi wa Milimani au Section 58 mwenye faiba hana haja ya kuhangaika sana, kwa kuwa malipo yake ya mwezi hayabadiliki. Anayeumia ni mfugaji wa Njoro au Subukia ambaye faiba haijamfikia, na kamera yake inategemea laini ya simu. Tuseme amepata gigabaiti moja kwa shilingi 50. Kamera ikituma picha usiku na mchana, atalipa zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Kwa pesa hizo, afadhali aajiri mlinzi.

Lakini kamera hiyohiyo inaweza kumgharimu kidogo mno. Aipange irekodi inapoona mwendo tu, ihifadhi picha kwenye kadi iliyo ndani yake, na atumie mfumo wa kubana picha wa H.265 badala ya H.264, ambao huweza kupunguza ukubwa wa picha kwa karibu nusu. Hapo bando litaliwa hasa anapofungua simu kutazama. Kadi ya gigabaiti 64 hubeba takriban siku 6 za kurekodi mfululizo kwa megabiti 1. Kwa mwendo tu, muda mrefu zaidi. Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: mwizi akiing'oa kamera, ameondoka na ushahidi.

Kwa sababu hiyo, mwenye duka mjini namshauri anunue kinasa cha kufichwa ndani na avute waya wa mtandao hadi kwa kila kamera. Kamera na kinasa vikikubali umeme wa njia hiyo, waya huo mmoja hupeleka umeme na kurudisha picha, hadi mita 100. Gharama ya mwanzo ni kubwa, ila hakuna ada ya mwezi ya kuhifadhi picha kwa kampuni ya mbali, na intaneti ikikatika kinasa kinaendelea. Stima ikipotea ni habari nyingine. Tenga pesa za betri ya kinasa na ruta.

Anayechagua waifai ajue kwamba kamera nyingi za bei nafuu hushika masafa ya 2.4 GHz pekee. Ruta ikitoa 5 GHz tu, kamera nzima itaonekana mbovu. Masafa ya 2.4 GHz pia hupenya kuta za mawe vizuri zaidi.

Kuhusu kutazama ukiwa mbali, wapo mafundi wanaofungua mlango kwenye ruta ili kamera ifikiwe moja kwa moja kutoka nje. Mimi naipinga njia hiyo. Kwenye laini za simu mara nyingi haifanyi kazi, kwa kuwa wateja wengi huchangia anwani moja ya mtandao. Inapofanya kazi, ni hatari. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na vinasa vingi kwa kujaribu nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya mtandao, ndiyo salama zaidi ukiwa na ruta inayoiweza na fundi anayeielewa. Kwa nyumba ya kawaida, programu ya mtengenezaji yenye uthibitisho wa hatua mbili inatosha.

Akaunti ya programu hiyo isajiliwe kwa nambari au barua pepe yako, kamwe si ya fundi. Mwenye akaunti ndiye anayeona sebule yako. Kabla hujamlipa fundi salio, abadilishe nywila ya kiwandani mkiwa pamoja, wewe uiandike mwenyewe, azime UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia mlango) kwenye ruta na asasishe programu ya kamera. Kisha zima waifai ya simu yako, washa data, ufungue picha. Ikionekana, mlipe.