Mono, Stirio na Mzingo: Istilahi za Nyimbo Zinazochanganywa Upya

Katika kushughulikia maombi ya istilahi yanayotufikia, mara nyingi tunakutana na dhana ambayo jina lake la kigeni limekwisha kuenea kabla jambo lenyewe halijafahamika. Ndivyo ilivyo kwa kazi ya kuzifanya nyimbo zilizorekodiwa zamani kwa mono zisikike kutoka pande zote za msikilizaji. Mafundi wa Shinyanga na Geita, ambao hunakili kanda za ngoma za Kisukuma katika kompyuta, walituomba jina la kazi hiyo. Tulipoichunguza tuliona kwamba jina moja halitoshi, kwa kuwa ndani yake zimo kazi mbili zisizofanana.

Tuanze na sauti yenyewe. Katika mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, ambayo hufanyika baada ya mavuno, makundi mawili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja likiwavuta watazamaji upande wake. Asimamaye katikati husikia ngoma za hawa kuumeni, za wale kushotoni, na vigelegele nyuma yake. Kinasa sauti kimoja kikiwekwa hapo, vyote hivyo huingia katika njia moja. Ukubwa wa kila sauti hubaki, na hata umbali wake hukisiwa. Lakini upande ilikotoka hupotea. Hiyo ndiyo rekodi ya mono. (Hapa kinasa sauti ni chombo kinachopokea sauti, na kipaza sauti ni kile kinachoitoa, ingawa tunajua kwamba mitaani neno hili la pili hubebeshwa kazi zote mbili.)

Stirio, ambayo Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931, hutumia njia mbili, ya kulia na ya kushoto. Mfumo wa tatu huwa aghalabu na vipaza sauti vitano, vitatu mbele na viwili kando au nyuma, pamoja na kimoja cha sauti nzito. Kwa mfumo huu tunapendekeza sauti ya mzingo. Wako wanaosema sauti ya mazingira. Tunawasihi waliache neno hilo, maana kwa msomaji wa leo mazingira ni miti na maji, naye atadhani anaelezwa habari za milio ya ndege.

Sasa, kuchanganya upya ni kuzirudia njia zilizorekodiwa mbalimbali, mwimbaji pake na gitaa pake, na kuzipanga tena. Kazi hiyo yahitaji njia hizo ziwe zimehifadhiwa. Katika nyimbo zetu nyingi za zamani hazipo. Hugh Tracey alipozuru Tanganyika mwaka 1950 na kurekodi, pamoja na nyingine, nyimbo za Wasukuma, alirekodi kwa mono. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ya 1960 aghalabu zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, na mchanganyo ukawa umekwisha fanyika kanda ilipokuwa ikizunguka. Hapo hakuna cha kuchanganya upya.

Kinachofanyika siku hizi ni kingine. Programu ya kompyuta iliyozoezwa kutambua sauti ya mtu, ngoma na nyuzi huzitoa moja moja katika mchanganyo. Kwa njia hiyo albamu ya Beatles iitwayo Revolver, ya mwaka 1966, ilichanganywa upya mwaka 2022, baada ya ala zilizokuwa katika njia moja kutenganishwa. Jina la kazi hii tulilipata machimboni. Wachimbaji wa Geita na Kahama husema kuchenjua kwa kuitoa dhahabu katika mwamba uliosagwa, na mchanga uliobaki huuita marudio, kwa kuwa huweza kuchenjuliwa tena. Nasi tunapendekeza kuchenjua sauti. Neno hili lina faida ya kusema kweli: mchenjuaji hapati ila kilichokuwamo.

Kazi ya pili ni kuzigawa sauti zilizochenjuliwa katika vipaza sauti. Hiyo twaiita kutandaza, na hapa ndipo penye hatari. Upande wa kila ngoma haukuwamo katika kanda. Ni fundi anayeuchagua. Tracey, kwa mfano, alikuwa akikishika kinasa sauti mkononi na kukisogeza kwa huyu na kwa yule, hivyo ngoma inayokua ghafla huenda haikupigwa kwa nguvu zaidi, bali ilisogelewa tu.

Mjini Shinyanga tulisikiliza nakala iliyotandazwa pamoja na mzee aliyepata kuwa mpiga ngoma. Aliuliza kwa nini ngoma ya pili imewekwa nyuma yake, hali wao walisimama bega kwa bega. Fundi alijibu kwamba pale inapendeza zaidi. Lakini juu ya kasha palikuwa pameandikwa kuwa wimbo umerudishwa katika hali yake ya asili. Mtafiti atakayetaka kujua mpangilio wa wachezaji ataliamini andiko hilo, wala hatakuwapo mzee wa kumsahihisha.

Kwa hiyo tunashauri kurudisha kusitumiwe kabisa kwa kazi hii. Kuondoa mikwaruzo na mvumo wa kanda kuitwe kusafisha. Nakala ya mzingo iandikwe imechenjuliwa na kutandazwa, pamoja na mwaka na jina la fundi. Na rekodi asilia ihifadhiwe bila kuguswa.

Tutafurahi kupata maoni ya wasomaji, hasa wa Usukuma, juu ya neno kutandaza. Mafundi wawili wametueleza kwamba kwao hutandazwa dagaa na mpunga tu. Sisi hatuoni kuwa hiyo ni kasoro.