Soko na Gulio: Neno Moja Lisichukuliwe Badala ya Jingine



Amri hutolewa kwa maneno. Askari akilielewa neno visivyo, hata akiwa na nia njema, atatekeleza jambo ambalo hakuagizwa. Leo tunapenda kueleza neno ambalo kila mmoja wetu hulitamka bila kulifikiri, nalo ni jina la mahali ambapo mkulima huuzia mazao yake.

Wengi husema "soko" na kuishia hapo. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na kwa Kiswahili limekuwa na maana pana. Lakini maana yake ya kwanza ni mahali pa kudumu palipotengwa kwa biashara, penye meza na vibanda, penye uongozi na ushuru, na penye kuuza kila siku. Masoko makuu ya Jinja na Mbale ni ya namna hiyo. Yote mawili yalijengwa upya katika miaka ya 2010, chini ya mpango wa serikali uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mara nyingi mwenye meza humo si mkulima. Ni mfanyabiashara aliyenunua kwa mkulima ili auze tena.

Neno la pili ni "gulio". Hili ni la Kibantu, nalo halipaswi kuwa geni kwetu Uganda. Katika Kiganda na Kisoga, kununua ni kugula. Kiswahili cha leo kimezoea zaidi kusema kununua, lakini shina la kugula limebaki ndani ya neno gulio, yaani mahali pa kununulia, kama vile kimbilio lilivyo mahali pa kukimbilia. Gulio hukutana kwa siku maalumu, ya wiki au ya mwezi. Asubuhi uwanja hujaa ndizi, maharage, viazi, kuku na mbuzi. Jioni hubaki majani matupu. Hapo ndipo mkulima mwenyewe huonekana, akiuza alichokivuna kwa mkono wake.

Jirani zetu wa Tanzania wanalo pia neno "mnada". Asili yake ni kunadi, yaani kutangaza bidhaa kwa sauti, naye anayeongeza bei ndiye anayechukua. Huko minada ya mifugo imekuwa mikusanyiko mikubwa ambamo nguo na vyakula huuzwa pia, hata watu wakaliita gulio zima mnada.

Sasa, "soko la wakulima" ni lipi? Jina pekee halitoshi kutuonyesha. Jijini Nairobi liko soko liitwalo Wakulima, ambalo watu wa mji huliita Marikiti; lakini biashara yake kubwa ni ya jumla, na madalali na wachuuzi wamo kwa wingi. Kwa hiyo tusitazame ubao wa jina tu. Tumtazame anayeuza, na tuulize mali imetoka wapi.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya walimu wa lugha. Sivyo hata kidogo. Mnamo Machi 2020, katika kujikinga na ugonjwa wa korona, serikali yetu ilisimamisha masoko ya kila wiki na ya kila mwezi, kwa sababu hukusanya watu wa mbali. Masoko ya chakula ya kila siku hayakufungwa, ila yaliwekewa masharti. Kwa Kiswahili kamili, gulio lilifungwa na soko la chakula likaachwa wazi. Askari ambaye kwake yote ni "soko" angewezaje kuitii amri hiyo sawasawa? Mwezi huohuo, mjini Kampala, baadhi ya walinzi wa usalama waliwapiga wanawake waliokuwa wakiuza matunda, na uongozi wa jeshi ukalazimika kuomba radhi. Hatusemi kwamba neno ndilo lililoinua fimbo ile. Twasema kwamba anayejua barabara alichoagizwa hana haja ya kuinua fimbo.

Wazee wa Bugisu wanakumbuka somo jingine. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, na bei ikapanda duniani kote. Wakati huo sheria ya Uganda ilimtaka mkulima auze kahawa yake kupitia njia za serikali tu. Magunia mengi yakavushwa mpakani hadi Chepkube, upande wa Kenya. Kwa mwuzaji lile lilikuwa soko. Kwa sheria lilikuwa magendo. Ukiritimba wa bodi ya kahawa ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo mkulima huchagua mnunuzi wake. Gunia ni lilelile, lakini jina la kitendo limebadilika kwa kuwa sheria imebadilika. Askari anayeendelea kutumia jina la zamani humfanya raia mwema kuwa mhalifu.

Basi, tuchukue mfano wa askari aliyepewa doria Nkoma, mjini Mbale. Anamwona mama ameshuka kutoka milimani na mkungu wa ndizi kichwani. Kabla ya kumwita mlanguzi, na ajiulize mambo matatu. Je, mahali hapa ni pa kila siku au pa siku moja? Je, mama huyu anauza mavuno yake au anachuuza? Je, amri niliyopewa imetaja lipi? Mlanguzi ni mtu anayeficha bidhaa ili bei ipande. Mama mwenye mkungu mmoja hana cha kuficha.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Askari akijikwaa ulimi, anayeumia ni raia, na heshima ya sare huumia pamoja naye.