Kibamba, Goba au Kigamboni: Gharama Zisizotajwa na Dalali

Familia ya watu sita inayotafuta nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa Dar es Salaam hutajiwa kwanza kodi, tena ya miezi sita au mwaka mzima, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Fedha hiyo hutoka kwa mkupuo, kwa hiyo ndiyo inayouma, na ndiyo inayotusukuma kwenye nyumba za ndani ndani zenye bei nafuu. Nasema tusizikimbilie kabla ya kupiga hesabu ya njia na ya maji.

Chukua Kibamba. Tuseme nyumba moja iko jirani na Barabara ya Morogoro. Ya pili iko ndani, mwendo wa bodaboda wa shilingi 1,000, na kodi yake ni pungufu kwa 80,000 kwa mwezi. Baba na mama wote wana kazi mjini. Wawili hao, kwenda na kurudi, ni 4,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 88,000. Nafuu yote imekwisha na 8,000 zimezidi, kabla mtoto hajaugua usiku na kabla masika hayajapandisha bei ya bodaboda. Wa barabarani anatoka, anapanda daladala, anakwenda Kimara kuchukua mwendokasi. Safari ya mkoani ikija, kituo cha Magufuli kipo Mbezi.

Maji nayo. Uniti moja ya DAWASA ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Hata dumu likiuzwa shilingi 100 tu, uniti hiyo inakugharimu 5,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya bomba. Kwa hiyo usiridhike kuona mita ukutani. Fungua bomba la uani mwenyewe. Tazama kama kuna simtanki, ni ya lita ngapi, kisha waulize majirani maji hutoka siku zipi. Goba, penye vilima, uliza mara mbili: presha ikiwa ndogo, walio juu ndio wanaokosa. Walio bondeni wana tatizo lao. Tazama mlango wa mbele. Kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali na saruji kuliko kawaida kinakwambia maji ya mvua yalishaingia sebuleni.

Kigamboni hesabu inabadilika. Anayefanya kazi Posta na kupanga karibu na Feri anavuka kwa pantoni, kisha anatembea hadi ofisini, na hilo Kibamba haina. Mwenye gari ana Daraja la Nyerere, lenye mita 680, lililofunguliwa 2016, lakini hulivuki bila tozo. Iweke kwenye bajeti ya kila mwezi. Onja pia maji ya kisima, maana sehemu za karibu na bahari yana chumvi, na utajikuta unanunua mengine ya kunywa na kupikia.

Shule za serikali hazina ada, ila ziwe za kutembea kwa miguu, la sivyo nauli inarudi palepale. Kuhusu umeme, kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, na ni deni la mwenye nyumba. Iandikwe kwenye mkataba kwamba utarudishiwa au itapunguzwa kwenye kodi.

Kwangu mimi, familia isiyo na gari ikae Kibamba ya barabarani, hata kama ni kwa chumba kimoja pungufu. Wa Posta waende Kigamboni ya karibu na Feri. Goba nawaachia wenye gari lao. Lakini usilipe chochote kabla hujafika kwenye nyumba hiyo saa 12 asubuhi, siku ya kazi, ukasafiri kutoka hapo hadi kazini kwako.