Pima Kabla ya Kutuhumu: Somo la Gari Dogo la Kilwa Masoko

Nyumbani kwetu hapa Kilwa Masoko liliingia gari dogo la mashindano la kuendeshwa kwa rimoti, lenye urefu unaokaribia dhiraa moja. Mjomba wa watoto alilileta kutoka Dar es Salaam. Magari ya aina hii si mambo ya jana: kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza kuyauza mwaka 1976, na kipimo kilichozoeleka ni sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Chini yake mna springi nne, shokapu nne na mikono ya kushikia magurudumu, kama gari la barabarani. Humo chini ndimo ilimotoka fitina, na ndimo lilimotoka somo.

Mwanangu wa miaka 12 alimwazima gari mtoto wa shangazi yake. Siku ya pili lilirudi likiwa na ila. Kona ya kushoto lilikataa kukata, likinyoosha mbele kama punda mkaidi. Kona ya kulia mkia wake uliteleza, likazunguka kama pia. "Ameliharibu," alisema mwanangu. Neno hilo lilitoka uani likafika kwa dada yangu kabla ya Magharibi. Kwa siku mbili, watoto waliozoea kuongozana kwenda madrasa walipita njia mbalimbali. Dada akanipigia simu: "Kaka, mwanangu hali akashiba. Anaapa hakugusa hata skrubu moja."

Nilimwita mshitaki. "Una ushahidi, mwanangu?"

"Lilikuwa zima kabla hajalichukua, baba."

"Basi lete tulipime. Gari halina ndugu wala rafiki. Litasema lililo nalo."

Tulilaza kigae sakafuni, tukaweka gololi juu yake; haikubiringika, tukajua pametulia. Betri tuliiacha mahali pake, kwa kuwa uzito wake umo katika hesabu. Tuligandamiza gari mara mbili tatu na kuliachia, ili springi zikae. Kisha tukasimamisha jalada la daftari kando ya kila gurudumu. Kichwa cha tairi huegemea ndani kidogo, digrii moja au mbili, ili gari likilala kwenye kona tairi likanyage ardhi kwa upana wake. Kulia na kushoto vililingana. Tukatazama magurudumu ya nyuma kutoka juu: sehemu zake za mbele zilielekea ndani kidogo, jambo linalolisaidia gari kunyooka linapoongezwa mwendo. Nayo yalilingana.

Kikabaki kipimo cha mwisho. Tuliingiza ncha ya kisu butu chini ya chesisi, katikati kabisa ya upande wa mbele, tukainua polepole. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuondoka chini kwa wakati mmoja. La kushoto lilipaa kwanza. Ajabu ya kipimo hiki ni kuwa ukiinua mbele unapima nyuma: chesisi hubaki imekalia springi za nyuma peke yake, na iliyobanwa zaidi husukuma upande wake juu.

Ni kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Uzito huuelemea mguu huo pamoja na ule wa pembe ya mkabala, na miwili iliyobaki hugusa tu. Gurudumu la nyuma kushoto na la mbele kulia yalibeba kupita haki yao. Ndiyo maana gari lilikuwa na tabia moja kushoto na nyingine kulia.

Pete ya plastiki inayobana springi ya nyuma kushoto ilikuwa imeshushwa milimita tatu kuliko mwenzake. Mwanangu aliitazama, akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Baba, ni mimi. Nilitaka kuinua nyuma. Nilianza kushoto, ikaadhiniwa Alasiri, nikaenda msikitini. Niliporudi nilimkuta mwenzangu ananisubiri mlangoni, nikampa. Nikasahau."

Wavuvi wa pwani yetu wanaijua elimu hii. Ngalawa ina mirengu miwili, kila mmoja una ubao uliowekwa kwa mshazari. Ubao mmoja ukikaa chini au ukilala tofauti na mwenzake, chombo huvuta upande. Nahodha mwenye busara hutazama mirengu yote miwili kabla ya kumkaripia kijana aliyeshika tanga.

Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na inatuonya kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Watoto wetu huihifadhi sura hiyo madrasa. Ni juu yetu wazazi kuwaonesha mahali pa kuitumia, hata kama ni juu ya kigae.

Kwa familia zenye magari haya, utaratibu ni mwepesi. Pima pande zote mbili, si ule unaoushuku tu. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo, ndipo uguse kingine. Ukiacha kazi njiani, weka alama. Na msikimbize gari ufukweni: chumvi na mchanga hula beringi.

Usiku ule, baada ya Isha, mwanangu alikwenda kwa shangazi yake. Sikumfuata. Dada aliniambia baadaye kwamba alisimama mlangoni, akatoa salamu, akasema mbele ya wote: "Nimekusingizia. Nisamehe." Mwenzake alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kulia linakata?"

Kesho yake tulipanga vifuu vya nazi kwenye udongo mgumu, wakapokezana rimoti. Lilikata kulia na kushoto.

Wabillahi tawfiq.