Maana ya neno 'sifa', na kwa nini mwombaji kazi anapaswa kulielewa

Asubuhi kijana anafungua simu, anakuta tangazo la kazi lenye kichwa "Sifa za mwombaji". Jioni akiwa kijiweni anaambiwa: "Acha sifa wewe!"

Neno ni lilelile. Asubuhi anatakiwa awe nazo, jioni anatakiwa aziache. Imekuwaje?

Limetoka wapi?

Sifa ni neno lenye asili ya Kiarabu. Mzizi wake ni herufi tatu, w-s-f, wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Kwa Kiarabu, sifa ni jambo linalokieleza kitu: rangi yake, umbo lake, hali yake. Hata katika sarufi ya Kiarabu neno hilo linatumika kwa kile ambacho kwenye Kiswahili kinaitwa kivumishi.

Mzizi huohuo ndio uliozaa neno wasifu, yaani maelezo ya maisha ya mtu. Ndiyo maana msibani husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Shaaban Robert naye alipoandika maisha ya mwimbaji maarufu wa taarab wa Zanzibar, kitabu alikiita *Wasifu wa Siti Binti Saad*.

Maana mbili kwa Kiswahili

Maana ya kwanza ni ile ya kueleza: alama au vigezo vinavyomtambulisha mtu au kitu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalitumia neno hili hivyo. Ibara ya 67 inataja sifa za mtu kuwa Mbunge, zikiwemo kuwa raia aliyetimiza miaka 21 na anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hapo hakuna anayepongezwa. Ama unazo, ama huna.

Maana ya pili ni kutajwa kwa uzuri. Hapo ndipo linapokuja kusifu, kusifiwa na kujisifu. Methali inaonya kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mtu akizidisha kujionyesha, mtaani wanasema ana misifa.

Kuna methali nyingine inayozikutanisha maana hizi mbili: asifuye mvua imemnyea. Anayeisifu ni yule anayeijua, kwa sababu imempata.

Sifa bainifu ni nini?

Wanaosoma isimu vyuoni hukutana na msemo "sifa bainifu". Ni zile sifa zinazokitenga kitu kimoja na kingine. Chukua maneno pata na bata. Sauti p na b zote hutamkwa kwa kubana midomo. Tofauti yake ni moja tu: ukitamka b, nyuzi sauti kooni hutetemeka, ukitamka p, hazitetemeki. Sifa hiyo moja inatosha kutofautisha kupata na ndege wa kufugwa.

Inamhusu vipi anayetafuta kazi?

Matangazo mengi huonya kuwa asiye na sifa hatafikiriwa. Tatizo ni kwamba baadhi ya waombaji hulisoma neno hilo kwa maana ya pili, wakaanza kujipamba: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mbunifu na ninayejituma."

Maneno hayo si mabaya, ila hayabainishi. Mwombaji wa pili anaweza kuandika hayohayo, na wa mia vilevile. Anayesoma barua hana namna ya kuwatenganisha.

Linganisha na huyu: "Nina stashahada ya uhasibu. Kwa miaka miwili nimetunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na kila mwisho wa mwezi niliandaa taarifa ya mauzo na madeni." Hajajisifu hata mara moja, lakini ameeleza alivyo. Mwajiri anaweza kuona kama anafaa, na anaweza kuhakikisha.

Kwa hiyo kabla ya kutuma barua, pitia kila sentensi ujiulize: je, mtu mwingine yeyote angeweza kuiandika hivihivi? Kama ndiyo, ifute au iongezee ushahidi. Mwajiri ameomba sifa zako. Kusifu atafanya mwenyewe akiridhika na kazi.